Mkutano wa wazazi wa Septemba: twende, tukae mbele

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Baraka, Agosti 2023, kabla ya masomo kufunguliwa. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.



Komite ilituomba tuseme juu ya masomo ya watoto. Tungeweza kusema juu ya makaye, unifomu, mabenchi, mapaa yanayovuja. Tumechagua jambo moja tu, nalo ni mkutano mkuu wa wazazi, ule ambao kila shule inaita mwanzoni mwa mwaka. Mwaka jana tulizunguka katika shule za msingi ambako watoto wenu wanasoma, tukaketi nyuma katika mikutano hiyo. Katika mingi, wazazi waliorudi kutoka ng'ambo ya ziwa tungeweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Kisha kufika mwezi wa kumi na moja mulianza kuja ofisini kwetu, mmoja mmoja, mtoto ameshika mkono: "Wamemufukuza, wanasema hatujalipa." Tulipouliza nani aliamua hiyo feza, jibu lilikuwa lile lile. Wazazi ndio waliamua, katika mkutano. Na wewe ulikuwa wapi, mama? "Mimi niko mugeni, nitasema nini pale?"

Mgeni! Mama huyo alivuka kurudi mwaka 2007. Mtoto aliyemushika mkono alizaliwa hapa hapa.

Basi tuanze na jinsi mambo yanavyokwenda, maana wengi wetu tumekulia kambini, na kambini shule ilikuwa ya HCR na mashirika yake. Mzazi alituma mtoto, basi. Hapa si hivyo. Kila shule ina komite ya wazazi, ile tunaita COPA, na wanaoichagua ni wazazi wenyewe katika mkutano mkuu. Halafu kuna COGE, baraza la kuendesha shule. Hiyo inaongozwa na direkta, lakini ndani yake kuna walimu na kuna wazazi waliotoka katika COPA. Feza ya uendeshaji ambayo Leta inatuma kwa shule ya msingi, hata ikija kwa kuchelewa, COGE ndiyo inapaswa kupanga matumizi yake, na COPA ina haki ya kuuliza ilikwenda wapi. Sasa kama COPA imejaa watu wa avenu moja, watu wa ukoo mmoja, au marafiki wa direkta, nani atauliza?

Kuna kosa moja tunalisikia kila mahali, na lazima tulisahihishe leo. Watu wanasema: "Shule hii ni ya kanisa, kwa hiyo kanisa linaweza kulipisha." Hapana. Tangu makubaliano ya Februari 1977 kati ya Leta na makanisa, shule za Wakatoliki, za Waprotestanti na za Wakimbangu ni shule za umma zinazosimamiwa na makanisa. Kanisa linasimamia, walimu ni wa Leta. Nyingi kati ya shule za umma za nchi hii ziko chini ya makanisa. Kama neno la "bure" halikuzihusu, lisingekuwa na maana yoyote. Shule ya mtu binafsi, hiyo ni jambo lingine, mwenye nayo analipisha anavyotaka.

Na neno la "bure" limetoka wapi? Wengine wanadhani ni zawadi ya kampeni. Liko katika Katiba ya Februari 2006, kifungu cha 43: shule ya msingi katika shule za umma ni lazima, na ni ya bure. Miaka kumi na mitatu lililala kwenye karatasi. Septemba 2019 ndipo Serikali ilianza kulitekeleza nchi nzima. Na tuelewane vizuri: ni darasa la kwanza mpaka la sita. Katika sekondari bado tunalipa, na huko kiasi kinachoruhusiwa kinawekwa na amri ya gavana wa jimbo. Prefe hana ruhusa ya kuongeza kichwani mwake. Ile amri inapaswa kubandikwa ukutani. Muiombe kuiona.

Wazee wetu waliovuka mwaka 1996 wanakumbuka primu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Leta ilikuwa imeacha kuwalipa walimu kitu cha maana, masomo yakafungwa, na wazazi wakakubali kutoa kitu kidogo ili mwalimu asiache chaki. Ilikuwa ya muda. Hiyo "ya muda" ikakaa zaidi ya miaka ishirini na mitano. Tulikimbia tukaiacha, tukarudi kuanzia 2005 tukaikuta imenenepa. Ndiyo maana, mwaka wa 2019, sisi tuliorudi tulifurahi kuliko wote. Vyumba vya madarasa vikajaa mpaka watoto wakakaa chini, wengine madirishani.

Hapo ndipo shida ya leo ilipozaliwa, na hatutaki kuifunika. Watoto wameongezeka, walimu wameongezeka, lakini si walimu wote walioingia kwenye orodha ya mishahara. Hao tunaowaita NU, walimu wa Leta ambao Leta haiwalipi, mnao katika shule zenu. Pengine ni jirani yako, na jioni unamuona anaponda muhogo wa watu apate cha kula.

Katika shule moja, ambayo hatutaitaja, tulikaa katika mkutano mkuu wa mwaka jana. Direkta alifungua daftari mbele ya watu wote, na alifanya vizuri. Walimu wanane, watano wanalipwa, watatu ni NU. Mmoja wa hao watatu alikuwa amefundisha darasa la kwanza miaka mitatu bila kuona mshahara wa hata mwezi mmoja. Alikuwa amesimama pale mlangoni wakati jina lake linasomwa, anatazama chini. Nani angesema hapana? Mzee mmoja akasimama akapendekeza mchango wa hiari: franga 2000 kwa kila mtoto, kila mwezi. Watu wakapiga makofi. Mkutano ukafungwa kwa sala, haukuchukua hata saa moja na nusu.

Sasa fuateni pamoja nasi. Mchango wa hiari kwa kila mtoto. Mwenye watoto watano shuleni ni 10000 kila mwezi. Oktoba karani wa darasa akapewa orodha. Novemba orodha ikaanza kusomwa asubuhi mbele ya watoto. Desemba, kabla ya mitihani, walioko kwenye orodha wakaambiwa wakae nyumbani mpaka wazazi watakapojipanga. Kitu cha hiari hakina orodha, ndugu. Kikishakuwa na orodha ni primu, imebadilisha shati tu.

Familia moja ya hapa, wanachama wetu, walikuwa na wanne katika shule hiyo. Baba yuko ziwani, mama analima kwa kukodi. Waliweza kulipia wawili. Tuna haja ya kusema ni wawili gani waliobaki nyumbani? Wasichana. Mkubwa wao alikuwa darasa la sita, amebakiza miezi michache kufanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Mwaka huu tumezungumza na familia na na shule, naye atarudi darasa la sita Septemba. Mdogo wake bado mama anasita, kwa sababu amezoea kumuachia mtoto mchanga.

Direkta yule si mwizi. Tumeona daftari lake, feza ziliwafikia wale walimu watatu, na darasa la kwanza halikufungwa. Wanaosema "tukatae tu, sheria inasema bure" wana haki kwa sheria, lakini waje watuambie nani ataingia darasa la kwanza Jumatatu. Na wanaosema "tulipe tu, tufanyeje" hawajamuona yule msichana akichota maji saa tatu ya asubuhi na wenzake wanaimba darasani. Sisi tunaofanya kazi hii tumekaa na pande zote mbili, na maoni yetu ni haya.

Kama wazazi wanataka kumusaidia mwalimu asiyelipwa, wamusaidie, lakini kwa familia, si kwa kichwa cha mtoto. Kila nyumba itoe inachoweza: huyu franga, huyu debe la unga wa muhogo, huyu maharagwe kiasi, huyu siku moja ya kulima shamba la mwalimu. Katika kijiji kimoja cha kusini ya Fizi tumeona wazazi wakimulimia mwalimu NU shamba la karanga, na aliuza karanga hizo kwa bei nzuri kuliko ile primu ingemupa. Daftari la michango likae mikononi mwa COPA, mweka hazina awe mzazi, na lisomwe kwa sauti mbele ya wazazi kila mwisho wa muhula. Na jambo ambalo hatutakubali lipite, hata kama mkutano mzima unapiga makofi: jina la mtoto lisiandikwe popote katika habari za feza. Deni, kama lipo, ni la baba na mama. Iandikwe katika ripoti ya mkutano, kwa maneno yaliyo wazi, kwamba hakuna mtoto wa shule ya msingi atakayerudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango. Ripoti hiyo itiwe sahihi na direkta na rais wa COPA, na nakala moja mubaki nayo. Karatasi hiyo ndiyo tutakwenda nayo Sudivizio siku mtoto akifukuzwa. Bila karatasi, tunakwenda na machozi tu, na machozi yamejaa ofisini kwao.

Muulize pia habari ya faili za walimu NU. Ziko wapi? Zilipelekwa lini? Mara nyingi zimekosa kitu kimoja, cheti au barua ya kuteuliwa, na hakuna aliyemuambia mwalimu. COPA inaweza kuandika barua kufuatilia. Haitaleta mshahara kesho, lakini faili ambayo hakuna mtu anaiulizia inalala kabatini milele.

Tuingie kwenye karatasi za watoto, maana hizo nazo zinafukuzisha.

Mtoto aliyezaliwa Nyarugusu au Lugufu ana karatasi za kule au hana kitu. Direkta anaomba cheti cha kuzaliwa, na mzazi anarudi nyumbani na mtoto. Sheria ya kulinda mtoto, ya Januari 2009, inasema mtoto aandikishwe kwenye eta-sivili katika siku 90 baada ya kuzaliwa, na kuandikisha ni bure. Siku 90 zikipita, inabidi hukumu ya tribinali ya watoto ndipo cheti kitoke, na hapo gharama na safari zinaanza. Kwa hiyo wamama mlio na watoto wachanga leo, hatuwaombi, tunawasihi: kabla ya miezi mitatu kwisha, muende. Kwa wakubwa waliokwisha kupita muda, leteni majina, tunatafuta kupeleka mafaili mengi pamoja ili safari iwe moja. Kadi yako ya mchaguzi, baba, ni yako wewe. Haimusaidii mtoto kuingia darasani. Lakini karatasi ikikosekana, mtoto aandikwe kwanza, karatasi ifuate. Liombeni hilo mkutanoni, maana direkta akilisikia kutoka kwa wazazi wote pamoja ni tofauti na kulisikia kwa mama mmoja mlangoni.

Na wanaorudi sasa hivi na bulteni za kambini, wasikubali mtoto arudishwe madarasa mawili nyuma eti "amesoma Tanzania". Katika kambi za Wakongomani kule watoto walifuata programu ya Kongo, kwa Kifaransa. Aombe mtoto apimwe. Ambao kweli wana taabu ni wale waliosoma katika shule za mjini, Uganda kwa mfano, wanajua Kiingereza na Kifaransa hakuna. Kwa hao tunaandaa masomo ya jioni kuanzia Oktoba. Katika madarasa ya chini taabu ni ndogo, kwa sababu sheria ya elimu ya 2014 inataka mtoto aanze kufundishwa kwa lugha ya taifa au ya mahali, na hapa kwetu ni Kiswahili. Kiswahili hawa watoto wanacho cha kutosha, hata walimu wanawacheka kwa kusema "shikamoo".

Sasa, kwa nini hatuendi mkutanoni? Ugeni ni sababu moja, lakini si yote. Mkutano unaitwa asubuhi, siku ya kazi, Septemba. Septemba mvua inaanza, mama yuko shambani anapanda. Na wavuvi? Giza la mwezi likiingia, wababa wote wako ziwani usiku na taa zao kutafuta ndagala, asubuhi wanalala. Direkta anasema "wazazi hawajali masomo". Wanajali, lakini tumbo nalo lina saa zake. Tumeongea na madirekta kadhaa na hawakukataa: mkutano uwekwe alasiri, na ikiwezekana siku za mbalamwezi, wakati mitumbwi iko nchi kavu. Nendeni mukawaambie na nyinyi, kabla barua za kuita mkutano hazijatoka.

Mukifika, mukae mbele. Waliokaa nyuma, karibu na mlango, mwenyekiti hawaoni mikono yao. Na katika kuchagua COPA, simamisheni watu. Mtu anayejua kuandika na kuhesabu apatikane, lakini si lazima awe na diploma. Mweka hazina wa kikundi cha akiba, yule mama anayeshika sanduku la funguo tatu na hajapoteza hata franga moja, huyo anatosha kabisa kushika daftari la shule. Tusiulize mgombea ni wa kabila gani, wala alipita kambi gani. Tunasema hivi kwa sababu tumeliona likifanyika, na watu waliofanya hivyo wako hapa wanatabasamu.

Mwaka huu ni wa uchaguzi. Desemba tutapiga kura, na kabla ya hapo makaye yenye picha za wagombea yataanguka kama mvua. Mpokee makaye. Mtoto ataandika tu, picha iko juu ya jalada. Lakini mgombea akija kuwaahidi paa la shule, mwambieni aje aahidi katika mkutano wa wazazi, iandikwe kwenye ripoti.

Kwa wafadhili wetu, neno fupi na la ukweli. Aksanti kwa mifuko ya shule ya mwaka jana. Watoto waliifurahia. Lakini ilitolewa kwa watoto waliorudi peke yao, na darasani waliketi pamoja na watoto wa wale ambao hawakukimbia, au waliokimbilia milimani na kurudi bila kitu, nao ni maskini kama sisi. Jumatatu ile, katika shule mbili, mifuko ilichanwa. Tunawaomba mwaka huu musilipie mtoto mmoja mmoja. Lipieni mabenchi, ambayo kila mtoto anaketi. Tusaidieni nauli na gharama za tribinali kwa vyeti vya kuzaliwa. Na shule zilizo karibu na ziwa, ambako maji yamepanda miaka hii na kuingia vyooni, zinahitaji vyoo vipya mahali pa juu kabla ya kitu kingine chochote. Msichana wa darasa la sita hawezi kukaa kutwa nzima shuleni bila choo, na hilo tusilizunguke kwa maneno.

Habari nyingine za chama ni chache. Vikundi vya akiba vitagawana mwisho wa Agosti, na komite imewaomba, haikuwalazimisha, kila mmoja atenge pembeni kitu cha kaye na kalamu kabla ya kununua kitenge. Likelemba ya wamama wa sokoni imebadilisha siku, sasa ni Alhamisi. Wazee wawili tuliowazika mwezi wa Julai, familia zao zinashukuru kwa mchanga na kwa unga.

Tukimaliza hapa, musitawanyike. Tutakaa kwa kartiye. Kila kartiye itupe majina ya wazazi wawili, mmoja mwanamke, watakaosimama katika COPA ya shule yao, na orodha ya watoto ambao hawana cheti. Orodha ya vyeti tunaifunga Jumamosi saa sita, kwa sababu Jumatatu yake tunakwenda tribinali.